MREJESHO: Nilichukua aljebra ya mstari

Wakuu, habari za siku. Niliwahi kuuliza hapa: mimi nasoma baiolojia, kuna haja gani ya kuchukua aljebra ya mstari (linear algebra, hesabu za matriksi, yaani majedwali ya namba) wakati si ya lazima? Wengi mlisema nichukue, wachache mkasema nitapoteza muda. Nilichukua, na nimemaliza.

Wiki za mwanzo zilinichosha. Kupunguza safu za matriksi kwa mkono, kosa moja la alama ya kutoa na ukurasa mzima umeharibika. Nilikaribia kuiacha.

Kilichonibadilisha ni thamani za aigeni (eigenvalues): namba zinazotokana na matriksi, na kwa viumbe ile kubwa huonyesha idadi yao huzidishwa mara ngapi kila mwaka, mwishowe. Chukulia ndege: kila mkubwa huzaa makinda 1.5 kwa mwaka, nusu ya makinda hufikia utu uzima, na robo ya wakubwa huuona mwaka unaofuata. Unaandika matriksi ya 2 kwa 2, unatafuta thamani kubwa ya aigeni, unapata 1 kamili. Makinda 300 na wakubwa 200 mwaka huu, mwakani ni vilevile. Sasa shusha uhai wa makinda kutoka 0.5 hadi 0.4: thamani hiyo inakuwa takriban 0.91, yaani idadi inapungua kama asilimia 9 kila mwaka. Nilirudia hesabu mara tatu, sikuamini jinsi ilivyo wazi!

Takwimu nazo, hasa regresheni (kutafuta mstari unaofuata data kwa karibu zaidi), sasa naziona kwa ndani.

Aliyenishauri nimalize kwanza kalkulasi, asante sana mkuu, ila kwangu haikuhitajika sana. Uvumilivu wa kuandika uthibitisho ndio ulionipa shida zaidi.