Mashine imetoa P2033: nibadilishe sensa zote nne za joto la ekzosi?

Dizeli_Nyakato: Wakuu habari za jioni. Gari ni dizeli la Kijerumani, injini 2.0, la 2012, lina DPF (kichujio cha masizi kwenye ekzosi). Taa ya injini imewaka, nguvu zimepungua, na tangu juzi taa ya DPF nayo imewaka. Mashine ya kusoma makosa imetoa namba moja tu ya kosa, P2033. Nimeshauriwa kununua sensa zote nne, ila kwanza DPF ichomwe kwa mashine, yaani masizi yaliyomo yaunguzwe. Ni sahihi?

Umeme_Igoma: Mkuu, usinunue kitu bado. P2033 haisemi sensa imekufa. Inasema volti ya njia ya sensa namba 2 iko juu mno, na hiyo mara nyingi ni njia iliyokatika: ndani ya sensa, kwenye waya au kwenye pini za plagi. Nyaya zikigusana inatoka P2032. Namba 1, 3 na 4 hazijatajwa, ziache.

Na usikubali DPF ichomwe sasa. Masizi yanaungua kwenye nyuzi 600 hivi, na sensa ndizo zinazoiambia kontrol boksi (kompyuta ya injini) ipunguze dizeli inayoongezwa kuchoma masizi, joto likizidi. Kuchoma bila sensa ni kuhatarisha DPF yenyewe, na bei ya DPF unaijua.

Kesho asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima, washa swichi bila kuwasha injini, usome sensa zote kwenye mashine. Zote zikaribiane na joto la hewa. Kisha chomoa plagi ya namba 2. Upande wa gari upime volti kati ya pini mbili: inatakiwa iwe karibu 5V. Upande wa sensa upime ohm. Sensa nyingi za gari za Ulaya ni za platinamu: 200 kwenye nyuzi 0, karibu 220 kwa hali ya hewa yetu, karibu 275 kwenye nyuzi 100. Tahadhari kwa wenye gari za Kijapani: nyingi ni za aina nyingine, zikiwa baridi ohm zinakuwa juu sana hadi mita inaonyesha kama imekatika, nawe ukatupa sensa nzima.

Dizeli_Nyakato: Nimepima. Namba 1, 3 na 4: nyuzi 24, 25, 25. Namba 2: zaidi ya 900, injini baridi kabisa! Plagi upande wa gari 4.9V. Sensa haisomi ohm, lakini nikikunja waya pale unapotoka kwenye bomba la chuma inaruka hadi 221, kisha inapotea.

Umeme_Igoma: Hiyo ndiyo. Waya umekatikia shingoni mwa sensa. Nunua moja tu, namba ileile iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani, kwa sababu plagi zinafanana lakini urefu wa waya na wa ncha unatofautiana. Angalia pia klipu inayoshika waya. Ikiwa haipo, waya unaning'inia na kutikisika, na sensa mpya itakatikia palepale.

Spana_Kirumba: Kuitoa ndiyo kazi yenyewe. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Pasha ekzosi iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza. Kwa kuwa sensa ya zamani ni ya kutupa, kata waya wake ili soketi ndefu ya pembe sita iingie moja kwa moja. Spana ya mdomo inakula kona za nati. Ikilegea kidogo kisha ikakaza, usilazimishe: irudishe ndani, ongeza mafuta, itoe tena. Ukilazimisha inang'oka na nyuzi za tundu (mistari ya skrubu). Safisha nyuzi hizo kwa tepu (chombo cha kukatia nyuzi) ya saizi yake, mara nyingi M14x1.5.

Mpya ipakwe grisi ya joto kali kwenye nyuzi tu, ncha isiguswe. Shika waya usizunguke na nati. Kaza kwa toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu cha gari. Nyingi ziko kati ya 30 na 45 Nm. Usikunje waya karibu na shingo.

Wapo wanaochomelea rezista ya ohm 220, sawa na sensa baridi, mahali pa sensa. Usikubali. Kontrol boksi itaamini ekzosi haipati joto kamwe, na dizeli ya ziada inaweza kuishia kwenye oili.

Umeme_Igoma: Ukimaliza, futa kosa na hakikisha namba 2 inapanda taratibu injini ikipata moto. Pima oili: ikiwa imezidi alama na inanuka dizeli, badilisha kwanza. Kisha soma kiwango cha masizi. Kikiwa bado ndani ya kipimo, weka mafuta zaidi ya robo tenki, toka Mwanza kwa barabara ya Shinyanga, ukipita Usagara shikilia RPM 2000 hivi kwa dakika 20 hadi 30 panaporuhusu mwendo. Safari za Nyegezi hadi mjini na foleni zake hazichomi DPF. Kiwango kikiwa juu mno, hapo ndipo mashine inahitajika.

Na ukitoka huko usiingize gari ziwani kuoshwa chini likiwa la moto. Maji yanaingia kwenye plagi, pini zinaota kutu ya kijani, na P2033 inarudi sensa ikiwa nzima.