Naomba ushauri: mashua ya alumini niliyorithi inavuja na ubao wa tezi umeoza, nianze na kazi ipi?

MrithiWaMashua (mwanzisha uzi)

Ndugu wajumbe, naomba ushauri wenu kabla sijaharibu kitu kisichoweza kurudishwa. Marehemu mjomba wangu ameniachia mashua yake ya kuvulia, na sasa imefika nyumbani ikiwa juu ya trela. Ni ya alumini, ina urefu wa mita 4.2, na bati zake zimeunganishwa kwa ribiti (pini fupi za metali zinazogongwa zikakaza), si kwa kuchomelea. Imekaa nje kwa miaka kadhaa bila kufunikwa, ikijaa majani na maji ya mvua.

Nilipoisafisha niliona kwamba rangi imepakwa tabaka juu ya tabaka na sasa inabanduka yenyewe. Ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma ya mashua unaobeba injini, unabonyea ukiusukuma kwa kidole gumba. Chini ya sakafu kuna povu la kuelea lililolowa kama sifongo, na pale lilipogusa bati kuna unga mweupe. Nilipoukwangua unga huo nilikuta vishimo vidogo ndani ya metali. Siku aliyoitumia mara ya mwisho, mjomba alikuwa akikumba maji muda wote, kwa hiyo najua inavuja, ila sijui inavujia wapi.

Mpango wangu ulikuwa kutoa rangi yote kwa kostiki soda, kupaka silikoni juu ya kila ribiti kwa upande wa ndani, kupiga rangi mpya, kisha kubadilisha ubao wa tezi mwishoni. Nina keekee ya umeme, grainda na nyundo, lakini sina mashine ya kuchomelea. Ndani ya mashua hii ndimo nilimojifunza kuvua, na natamani wanangu nao wajifunzie humo. Je, utaratibu huu ni sahihi?

MkalafatiMkongwe

Pole sana kwa kumpoteza mjomba, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kuanza. Kostiki soda iweke kando leo hii. Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksidi ambao hujijenga wenyewe hewani. Soda huyeyusha utando huo kisha huendelea kuila metali yenyewe, huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoweza kuwaka kwa cheche moja tu. Bati la mashua ndogo kwa kawaida lina unene wa milimita mbili hivi au pungufu, kwa hiyo huna ziada ya kuipoteza.

Rangi iwe kazi ya mwisho kabisa. Anza kwa kutafuta njia ya maji. Toa sakafu na povu lote, safisha ndani mpaka uione kila ribiti, kisha weka tegemeo imara chini ya mkuku (uti wa chini wa mashua) na chini ya mbavu za mashua, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na chombo kilichoundwa kubebwa na maji kutoka nje hakikuundwa kubeba kilo mia tatu za maji kutoka ndani kikiwa juu ya roli mbili za trela. Mimina maji mpaka kina cha sentimita kumi au kumi na tano, kausha upande wa nje kwa kitambaa, halafu lala chini na kalamu ya nta mkononi. Kila penye tone, zungushia duara. Subiri saa moja na uzunguke tena, maana ribiti nyingine huchelewa kutoa siri yake.

Silikoni nakukataza kwa nguvu zote. Haishiki kwa nguvu inayotosha chini ya mstari wa maji, na ikishagusa bati huacha mafuta ambayo hayakubali rangi wala gundi nyingine. Kuna hatari kubwa zaidi. Ribiti inayovuja ni ribiti iliyolegea, na ukiifunika kwa ndani itaendelea kucheza ndani ya tundu lake kila wimbi linapopiga, tundu litapanuka, na msimu ujao utakuwa na uvujaji mkubwa uliojificha chini ya uchafu.

Dawa ya ribiti iliyolegea ni kuigonga upya. Mtu mmoja anashikilia chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti kwa nje, mwingine anagonga mkia wake kwa ndani kwa mapigo machache mafupi mpaka ukaze. Mpigaji asianze kabla mshikaji hajasema yuko tayari, la sivyo bati litabonyea. Tumekwisha kurejesha mashua nyingi kwa njia hii bila kununua ribiti hata moja.

FundiBati

Naongezea kuhusu zile ambazo hazitakaza. Ribiti yenye kichwa kilicholika, au ambayo tundu lake limepanuka, itobolewe katikati ya kichwa kwa keekee na kuondolewa, kisha iwekwe nyingine ya alumini yenye ukubwa unaolijaza tundu. Ukitumia ribiti kamili ya kugonga, acha mkia unaotokeza kwa mara moja na nusu ya kipenyo chake. Kwa ribiti ya milimita 4.8 hiyo ni kama milimita 7. Usitumie ya shaba wala ya chuma.

Pale ambapo mkono haufiki kwa ndani, kwa mfano chini ya benchi lililofungwa, unaweza kutumia ribiti za kuvuta kwa bastola ya mkono, lakini ziwe zile zenye ncha iliyozibwa. Zile za kawaida zina tundu katikati, na hapo utakuwa umebadilisha uvujaji mmoja kwa mwingine. Chovya kila moja katika gundi ya poliurethani ya kutumika baharini kabla ya kuivuta.

MchomeleajiArgoni

Mimi kazi yangu ni kuchomelea, na bado nakushauri usimruhusu mtu achomelee ribiti zako. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, ilhali oksidi iliyo juu yake huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000, ndiyo maana kazi hii hutaka mashine maalumu, gesi ya argoni na mkono uliozoea. Kwenye bati jembamba, joto la kuziba ribiti moja hulilegeza bati kuzunguka ribiti za jirani, na nimeletewa mashua ambazo kila baada ya kuchomelewa tundu moja yalizaliwa mawili.

Ukikuta ufa, toboa tundu la milimita 3 kwenye kila mwisho wake ili usiendelee kukimbia, kisha weka kiraka cha alumini ya aloi 5052, kilichopakwa gundi na kuzungushiwa ribiti. Zile fimbo zinazoyeyuka kwa joto dogo, ambazo watu huzisifu sana, zinafaa kuziba tundu la skrubu ya zamani. Kwenye ufa unaotikiswa na injini sizipendekezi. Na moto wa aina yoyote usikaribie povu wala tangi la mafuta. Moshi wa povu la poliurethani ni sumu.

MvuviWaZiwani

Mimi nina swali ambalo wengine hawajauliza: kwa nini unataka kupaka rangi? Mashua yangu haina rangi hata kidogo, inafanya kazi kwenye maji baridi na inarudi juu ya trela kila jioni, na bati lake ni zima. Rangi mbaya ni mbaya kuliko kukosa rangi, kwa sababu maji hujipenyeza chini ya tabaka lililobanduka na kukaa hapo. Lolote utakaloamua, usipake ile rangi ya kuzuia viumbe wa majini iliyotengenezwa kwa shaba. Shaba na alumini vikikutana ndani ya maji hufanya kazi kama betri, na kinacholiwa ni alumini.

MrithiWaMashua

Ndugu zangu, nimefanya kama mlivyoelekeza. Nilitoa povu lote, na kipande kimoja kilikuwa kizito kiasi kwamba tulikibeba watu wawili. Baada ya kumimina maji nilizungushia duara ribiti kumi na nne, tisa kati yake zikiwa kwenye mstari mmoja kando ya mkuku. Kumi na moja zimekaza kwa kugongwa, nami nilikuwa mshikaji huku binti yangu mkubwa akigonga. Tatu tumezibadilisha. Kuna pia ufa wa sentimita nne karibu na mguu wa benchi la nyuma.

Lililonishtua ni ubao wa tezi. Nilipouchomoa niligundua kwamba ulishabadilishwa siku za nyuma, na aliyefanya kazi hiyo alitumia ubao wenye rangi ya kijani uliotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Bati lililokuwa limeugusa lina vishimo vingi, na viwili vimetokea upande wa pili. Nilidhani mbao zenye dawa ndizo bora kwa mahali penye maji. Naomba mnieleze kosa liko wapi, na niweke ubao gani.

MkalafatiMkongwe

Umelipata chimbuko la tatizo, na ni afadhali umelipata sasa ukiwa uani kuliko injini ingelipata ukiwa katikati ya maji. Dawa ya mbao za aina hiyo kwa kawaida huwa na shaba. Mbao ikilowa, shaba hutoka kidogo kidogo, na ndugu MvuviWaZiwani amekwisha kueleza kinachofuata. Mbao zenye dawa hazifai kugusa alumini popote, si kwenye tezi wala kwenye sakafu.

Usiutupe ubao wa zamani, hata kama umeoza, kwani ndio kipimo chako. Chora umbo lake juu ya plaiwudi isiyo na dawa, yenye gundi isiyopitisha maji. Ile ya kujengea vyombo vya majini ndiyo bora. Mara nyingi unene unaohitajika ni kama milimita 38, nao hupatikana kwa kuunganisha vipande viwili kwa epoksi na kuvibana usiku kucha, lakini fuata unene uliokuwapo, kwa sababu vifuniko vya pembeni vimekatwa kuendana nao. Usibadilishe kimo cha tezi. Injini ya shingo fupi hutaka kama sentimita 38 na ya shingo ndefu kama sentimita 51, na kosa la hapo litaifanya propela ivute hewa au injini izame kupita kiasi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi huiruka. Ubao hauozi kuanzia katikati ya uso wake, huoza kuanzia kingo na matundu ya bolti. Paka epoksi mara tatu, na kingo zinywe mpaka zikatae. Kila tundu la bolti toboa kubwa kuliko linavyotakiwa, lijaze epoksi nzito, acha ikauke, kisha toboa tena kwa kipimo halisi, ili bolti ipite ndani ya epoksi na isiguse mbao kabisa. Tumia bolti za chuma cha pua daraja la 316, zipake gundi, na weka washa za nailoni kati yake na bati. Acha upenyo mdogo chini ya ubao ili maji yatakayoingia yapate pa kutokea.

Vile vishimo visivyotoboa visafishe na uvijaze epoksi. Viwili vilivyotoboa vinataka kiraka kama cha ule ufa.

FundiBati

Kuhusu povu: lazima urudishe jingine. Nimeona watu wakilitoa na kufurahia wepesi wa chombo, wakisahau kwamba ndilo linaloizuia mashua iliyojaa maji isizame. Lita 100 za povu kavu hubeba kama kilo 95 ndani ya maji, kwa hiyo rudisha kiasi kilekile na mahali palepale, hasa chini ya mabenchi na pembeni, ili mashua ikijaa ibaki imesimama wima. Chagua mbao za povu lenye vitundu vilivyofungwa, ziinue kidogo kutoka kwenye bati, na uache njia ya maji kuelekea ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, maji yanapokusanyika). Kumbuka kwamba polistirini huyeyushwa na petroli, hivyo isikae karibu na tangi.

MchomeleajiArgoni

Ukiamua kupaka rangi, usitumie brashi ya waya wa kawaida wala grainda iliyokuwa ikisaga chuma, kwa sababu chembe za chuma hujikita ndani ya alumini na kuanzisha ulikaji mpya. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo piga msasa ukiwa umelowesha, vaa barakoa, na watoto wakae mbali siku hiyo. Osha mafuta, kwaruza kwa msasa wa namba 80 au 120, kisha paka praima ya alumini siku hiyohiyo, kabla oksidi haijanenepa.

MrithiWaMashua

Nashukuru sana. Nimeamua kufuata ushauri wa ndugu MvuviWaZiwani: sehemu ya chini itabaki bila rangi, nami nitapaka pande za nje tu, juu ya mstari wa maji, kwa rangi ileile ya bluu aliyoipenda mjomba. Plaiwudi mbili ziko kwenye vibanio tangu jana jioni. Zikishakauka na kiraka kikishakaza, nitaijaza mashua maji tena, na mara hii nitaiacha saa nzima kabla ya kuchukua kalamu.

MkalafatiMkongwe

Acha saa mbili. Na ile kalamu mpe binti yako.