Mabaka makavu usoni kwa mwenye ualbino: kugandishwa au krimu?

Dada wa Tabata: Habari za leo wanajukwaa. Mdogo wangu ana ualbino, anauza makava ya simu Kariakoo na hushinda juani. Kwenye paji la uso na ncha za masikio ametokwa na mabaka ambayo kwa macho huyaoni vizuri, lakini ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa. Magamba yakibanduka hurudi. Daktari amesema si saratani, ila yakiachwa yanaweza kugeuka, akatutaka tuchague kugandishwa au krimu ya fluorourasili. Naomba ufafanuzi.

Tabibu wa Ilala: Pole kwa kuuguza. Yakiwa machache yaliyotengana, kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, huchukua sekunde chache tu. Ngozi huvimba, pengine hutoa lengelenge, kisha gamba hudondoka. Yakiwa yametapakaa paji zima ningependelea krimu, kwa kuwa hushambulia hata seli zilizoharibika ambazo bado hazijajitokeza. Kwa kawaida hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, na hapa ndipo wengi hukata tamaa: ngozi huiva, huwaka moto na kuchubuka hadi majirani wakadhani mgonjwa amedhurika, ilhali ndivyo dawa inavyofanya kazi. Lakini baka lililonenepa, linalouma likiguswa au kutoa damu, lisitibiwe kwa kubahatisha. Likatwe kipande kidogo cha nyama kwanza, kipimwe maabara.

Mama Wawili: Nami nina ualbino na nimegandishwa mara kadhaa, maumivu makali huja pale baridi inapoachia, kisha hupoa. Mwambie aachane na kapelo, maana masikio na shingo vinabaki nje (vijana hawapendi kusikia hili), avae pama na mikono mirefu. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yaliyobuniwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yetu, ayapake kwa wingi na kuyarudia mchana.

Dada wa Tabata: Nashukuruni sana. Mabaka yake ni mengi, hivyo tunaelekea kwenye krimu. Je, ataendelea na biashara?

Tabibu wa Ilala: Jua huzidisha ukali wa krimu hiyo, kwa hiyo wiki hizo atafute wa kumshikia meza, au akae ndani ya duka. Isiingie machoni, anayempaka anawe mikono mara amalizapo, na mjamzito asiiguse kabisa.