Nguo za watoto za Kiskandinavia kwa hapa Dodoma, nanunua wapi au nishoneshe tu?

Mama K wa Ilazo

Habari zenu wadau, na wenyeji wa huku, kwa salamu ya Kigogo, mbukwenyi. Nina watoto wawili, wa kike miaka 3 na nusu, wa kiume mwaka mmoja na miezi miwili. Tangu nikiwa likizo ya uzazi nimenasa kwenye kurasa za Instagramu za kina mama wa Denmaki na Uswidi, yaani unakuta mtoto kavaa suruali pana ya rangi ya haradali na fulana ya mistari basi, hamna ming'aro, hamna katuni kubwa kifuani, na kapendeza kuliko wangu niliyemvalisha gauni la neti la elfu 40 akakaa kanisani anajikuna shingo mpaka ibada ikaisha na watu wanatugeukia.

Sasa nimeshaliwa mara moja. Kuna muuzaji wa mtandaoni niliagiza kwake gauni la krimu, picha ilikuwa pamba ya kulainika kabisa, kilichokuja ni kitambaa cha kuteleza kama bitana ya koti, halafu kina namba 74 na mimi nilidhani ni namba ya kiwandani tu. Halikupita hata mabegani, nikambadilishia matumizi nikamvalisha mdogo wake siku moja ya picha, baba yao akaninunia mpaka jioni.

Nachouliza: hizi nguo zenyewe kwa hapa Dodoma zinapatikana? Nikimpelekea fundi picha anaweza? Na je huu ni ushamba wa kizungu kama anavyosema mzee wangu au kuna maana yoyote? Msinitukane, nimeuliza kistaarabu.

Babu wa Makulu

Nenda mtumba dada. Ila mwambie bodaboda vizuri, ukisema tu "nipeleke Mtumba", kule mji wa serikali, utashushwa mlangoni mwa wizara uulizwe una miadi na nani.

Belo la Alfajiri

😂😂 Babu umeua. Mteja wangu mmoja mgeni wa mji yalimkuta hayohayo.

Mama K, mimi nauza mtumba wa watoto soko la Sabasaba, mwaka wa sita huu. Kwanza hiyo namba yako, 74 haikuwa ya kiwandani. Nguo za kule saizi inaandikwa kwa sentimita za urefu wa mtoto, sio umri. Zinakwenda 50, 56, 62, 68, 74, 80, 86, 92, 98, 104, zinaruka sita sita hivyo. Kwahiyo 74 ni ya mtoto wa miezi tisa hivi, umemnunulia dada mtu nguo ya kichanga. Wa miaka 3 anacheza kwenye 98, ila watoto wetu hawalingani bana, kuna wa miaka 4 anavaa 98 na kuna wa miwili na nusu inambana. Msimamishe ukutani bila viatu, weka kitabu kichwani kilale sawa, piga mstari wa penseli, pima kutoka sakafuni. Mimi mezani kwangu nimegandisha tepe ya fundi kwenye nguzo, mama akija na mtoto namsimamisha hapo tunamaliza ubishi. Na usije ukadhani kila yenye 98 imetoka Uswidi, Wajerumani nao wanapima hivyohivyo.

Kuhusu kupatikana, zinapatikana ila kwa kubahatisha. Belo la watoto mchanganyiko ukilifungua unakuta Uingereza, Ujerumani, Korea, kila kitu, na za Skandinavia zinakuwa zimejificha humo. Inayotoka sana ni H&M ambayo ni ya Uswidi, wengi hawajui. Lindex inatoka mojamoja, Name It ya Denmaki pia. Polarn O. Pyret, nayo ya Uswidi, nikiipata siitundiki, nina wateja watatu napiga simu kabla jua halijatoka.

Utaijuaje iliyoshonwa vizuri hata kama lebo imekatwa? Shika goti la suruali kwa vidole viwili, utasikia kitambaa ni mara mbili. Geuza upindo wa mguuni uone kama umekunjwa mrefu wa kushushwa mtoto akirefuka. Halafu angalia ndani shingoni. Wiki iliyopita nimepata koti, lebo ina mistari ya kuandikia majina, jina la kwanza limekatwa kwa kalamu, la pili limekatwa, la tatu lipo bado. Watoto watatu wamelivaa ndo limekuja Dodoma, na zipu inapanda kama mpya.

Kitu ambacho sitaki kukiona tena ni zile ovaroli za theluji. Zinajaza nusu ya belo, unalipia uzito, hakuna anayenunua. Jirani yangu fundi pikipiki aliniomba moja akaikata akashonea kava la siti.

Mrudi Nyumbani

Nimekaa Gothenburg, Uswidi, miaka miwili kimasomo, nikiwa na mwanangu wa kwanza, naomba nichangie kidogo kwenye swali la tatu maana hilo ndo mzee wako amelikosea.

Kule hizo nguo sio za kupigia picha. Mtoto wa chekechea anatolewa nje kila siku, mvua ipo, theluji ipo, anatoka. Wana msemo wao unaoimba kabisa kwa Kiswidi, kwamba hakuna hali ya hewa mbaya, kuna nguo mbaya. Siku ya kwanza nilimpeleka wangu na koti zuri la dukani na viatu vya ngozi, mwalimu akanionyesha ndoano yenye jina la mtoto na orodha ya vitu: suruali ya mpira ya mvua, koti lake, buti, soksi za sufu, nguo za kubadili seti mbili. Jioni nikamkuta amekaa kwenye tope ameazimwa nguo za shule, anacheka. Kwahiyo goti kuwa mara mbili, pindo refu, rangi ambayo kaka na dada wote watavaa, yote hayo ni hesabu ya matumizi. Nguo ni ghali, inabidi irithiwe. Fulana moja tu ya mtoto ya Mini Rodini, hii kampuni ya yule mchoraji wa Stockholm aliyeianzisha 2006, ukibadilisha kwa hela yetu inafika laki na kitu. Wenyewe Waswidi wa kawaida nilikuwa nakutana nao kwenye minada ya vitu vilivyotumika, wanaita loppis, wanachambua mafungu kama Sabasaba, tofauti wao hawapigi kelele.

Ile mistari unayoipenda ina historia ndefu kuliko Instagramu. Polarn O. Pyret ipo tangu 1909, ila mistari yake ilichorwa 1976 na mwanamama mmoja, Gunila Axén, mpaka leo inauzwa. Waufini nao kupitia Marimekko walitoa fulana za mistari 1968, baba, mama, mtoto wote wanavaa ileile. (Najua kuna mtu atakuja kusema Ufini sio Skandinavia, ni kweli, ila kwenye nguo wanawekwa kapu moja.) Na hao hao Marimekko wana kitambaa cha maua makubwa mekundu, Unikko, cha 1964, ukikiona unaweza kusema ni kitenge cha soko la Majengo. Kwahiyo hilo la kusema mtoto wa Skandinavia ni krimu na kijivu tu ni la watu wa mapicha. Watoto wao nimewaona wenyewe, wamevaa njano, nyekundu, wanyama, maembe, kila kitu kwa pamoja.

Krimu kwa Dodoma hii usijaribu. Mtoto ukimtoa saa 2 asubuhi, saa 4 ana rangi ya uwanja. Na haya maji yetu ya chumvi sabuni haitoi hata povu, nguo nyeupe baada ya kufuliwa mara tano inakuwa ngumu kama karatasi na rangi ya chai.

Pamba Yetu

Nimesoma wote nimenyamaza lakini hapa mnaniuma. Singida hapo jirani na Meatu kule Simiyu wanalima pamba ya kilimo hai, haipigwi sumu za viwandani, ndio hiyohiyo Wazungu wanaibandikia lebo ya organiki na kuuziana kwa bei ya mbuzi. Sehemu kubwa ya pamba yetu inatoka ghafi inaenda kusokotwa nje, halafu sisi tunaamka saa 10 alfajiri kugombania fulana iliyovaliwa na watoto watatu. Sisemi msinunue. Nasema tu inauma.

Belo la Alfajiri

Mkuu Pamba leta fulana ya Singida ya mtoto kwa elfu 3 nitaiuza mimi mwenyewe na nitapiga kelele bure.

Pamba Yetu

Hapo umenikamata.

Fundi wa Nkuhungu

Samahani nimechelewa nilikuwa na sare za shule. Dada swali la pili ni langu.

Kushona inawezekana ila picha usimpe fundi peke yake, mpe na nguo. Nunua moja ya mtumba kwa huyo jamaa hapo juu, hata iliyochoka, fundi aifumue aifanye kielelezo. Picha haionyeshi tako la suruali limekatwaje, na siri ya zile suruali ipo hapo, zina nafasi ya nepi nyuma, mtoto akichuchumaa haimvuti. Fundi anayekata suruali ya mtoto kama ya mtu mzima aliyepunguzwa ndo huyo mtoto anatembea huku anajivuta.

Pili kitambaa. Fulana ni kitambaa cha kuvutika. Fundi akitumia sindano ya kawaida inatoboa nyuzi na kuruka mishono, kuna sindano yake ya ncha ya mviringo. Na pembeni lazima ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa, ukiona fundi hana ovaloki mshoneshe vitenge tu. Kitambaa cha pamba kiloweke usiku kucha kabla hakijakatwa, kikaukie kivulini, maana kisiporudi (kusinyaa) kwenye maji kitarudi mwilini kwa mtoto. Kwa suruali na dangarizi usihangaike na vya kuvutika, chukua pamba nzito ya dukani, rangi ya ugoro au damu ya mzee, vumbi hata likikaa hamtalijua.

Tatu, wazazi mnapenda kunipa picha za koti lenye kamba mbili zinaning'inia shingoni. Siweki. Ulaya kwa mtoto wa chini ya miaka 7 kamba za kofia na shingo zilishakatazwa kwenye kanuni zao, inanasa kwenye bembea au mlango inamkaba. Mimi naweka lasitiki ndani, au vifungo vya kubana.

Mama K wa Ilazo

Wiki tatu baadae narudi na mrejesho kwa sababu nachukia nyuzi zinazoishia hewani.

Nilianza na fundi wa karibu na nyumbani kabla sijasoma ujumbe wa Fundi wa Nkuhungu, kosa langu. Nilimpelekea picha ya fulana ya mistari, akashona kwa kitambaa cha shati kisichovutika, tundu la shingo kaliacha dogo kama la kwenye picha. Kichwa kikaingia hadi kwenye masikio kikagoma kwenda mbele kikagoma kurudi nyuma. Mtoto analia ndani ya fulana, mimi nacheka na kulia, bibi yao yupo kwenye kiti ametoka Kongwa jana yake ananiangalia tu. Tukakata na mkasi. Hela imekwenda.

Ndipo nikaenda Sabasaba nikapata suruali ya pamba nzito yenye goti mara mbili, lebo imekatwa sijui ni ya nani, elfu 2. Nikaipeleka kwa fundi mwingine mwenye ovaloki, akaifumua, akatoa mbili, moja ya ugoro ya dada na moja ya kitenge cha maua makubwa ya mdogo wake (Mrudi Nyumbani asante, hilo wazo la maua ni lako). Kafanya pindo la kukunja mara mbili chini, mifuko miwili mikubwa mbele.

Bibi yao alipoiona ya ugoro alisema mjukuu wangu mmemkosea nini, mmemvalisha gunia la karanga. Ila ile ya kitenge kaishika, kaigeuza ndani nje, kabonyeza goti, akauliza fundi ni nani. Binti yangu ile yake ya ugoro kuivua hataki, analala nayo, mifukoni natoa mawe na nusu ya ubuyu kila jioni. Baba yao hajasema kitu, na kwa ninavyomjua ameipenda.

Gauni la neti lipo kabatini, Pasaka atalivaa, siwezi kudanganya.

Fundi wa Nkuhungu

Goti la kitenge umeweka mara mbili pia? Maua yanaisha haraka hapo.

Mama K wa Ilazo

Hapana 🙈 kwa ndani hajaweka kitu.

Fundi wa Nkuhungu

Lete kabla hajaanza kutambaa kwenye zege. Kwa kipande cha jinzi, kwa ndani, haionekani.

Belo la Alfajiri

Dada Jumatatu nafungua belo la watoto, saa 11 alfajiri. Njoo na sentimita mkononi, usiniambie umri.

Mama K wa Ilazo

Ukuta wa jikoni unasema dada mtu 97. Mdogo wake sijui, kila nikiweka kitabu anakaa chini.