Familia ya Mzee Rwegasira: Safari ya Roma

JUMATATU

Shangazi Adventina 05:58
Tumsifu Yesu Kristo familia. Asimwe na mkewe wanakwenda ROMA wikiendi ijayo. Tangu wafike Ujerumani hawajatoka kwenda popote, ni kazi na nyumbani tu. Sasa kila mtu aseme mapema anataka waombewe nini na wamletee nini, watoto wapange. Naanza mimi: rozari 40 za kina mama wenzangu wa WAWATA, zibarikiwe na Baba Mtakatifu mwenyewe.

Shangazi Adventina 06:44
Mmesoma, naona. Semeni.

Koku Dodoma 07:15
Milele amina, shikamoo shangazi. Mimi pochi ya ngozi. Nyeusi. Isiwe ya kung'aa.

Baba mdogo Muga 07:22
Mimi waniulizie kwa Papa kama kuna nafasi ya dereva 😂😂

Ta Kaijage 07:30
👍

Shangazi Adventina 07:31
Kaijage hicho kidole ni cha nini? Unakubali rozari au unakubali udereva?

Asimwe 12:31
Shikamooni wazazi. Samahani shangazi, nilikuwa kazini. Jamani tuelewane kabla hamjaenda mbali. Tunatoka Köln Ijumaa jioni, tunarudi Jumapili, ndege inaruka saa nane na dakika ishirini mchana. Tiketi ni zile za bei nafuu, kila mtu kibegi kimoja cha kuingia chini ya kiti, basi. Na kuna jambo la haraka: tiketi za Colosseum zinauzwa kwa jina la mtu na saa ya kuingia, na zinaisha. Jumamosi asubuhi au mchana? Padre Deo uko huko Roma, nisaidie leo hii.

Shangazi Adventina 12:33
Jumapili saa nane???

Shangazi Adventina 12:34
Asimwe. Baba Mtakatifu anatokea dirishani Jumapili saa sita kamili kwa Sala ya Malaika wa Bwana. Kwa hiyo Papa akisimama dirishani ninyi mko kwenye foleni ya uwanja wa ndege? Nani alikata tiketi hii?

Doreen wa Asimwe 12:50
Shikamoo shangazi. Ni mimi. Jumatatu naingia zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo maana nikachukua ya mchana.

Baba mdogo Muga 12:52
Zamu ni zamu. Wagonjwa wa Ujerumani hawawezi kusubiri hadi Papa afunge dirisha

Shangazi Adventina 12:53
Muga usinichekeshe, naongea jambo la maana. Padre? Padre? PADRE DEO

Koku Dodoma 12:58
Mwambieni kuna senene, atajibu sasa hivi

Byera Rutabo 13:01
Senene wa wapi dada, msimu bado

Baba mdogo Muga 13:03
Nina kopo la Novemba. Nimelificha, mama Eliza hajui lilipo

Mama Eliza 13:04
Najua lilipo.

Koku Dodoma 13:04
😂😂😂😂

Baba mdogo Muga 13:06
Daah. Hebu niambie kwanza limebaki nusu au limebaki kopo

Shangazi Adventina 13:10
TUNAONGEA ROMA

Asimwe 13:40
Colosseum jamani. Asubuhi au mchana.

Padre Deo 23:48
Milele amina. Poleni, nilikuwa na mtihani, sikushika simu. Asimwe, sikiliza.

Mkitua Fiumicino kuna treni mbili. Ile ya moja kwa moja hadi Termini, stesheni kuu, ni yuro 14, dakika 32. Nyingine ni ya kawaida, yuro 8, inasimama Trastevere. Kama mmepanga kulala upande wa Trastevere, chukueni hiyo ya pili, ni karibu nusu ya bei na inawashusha karibu.

Colosseum nendeni Jumamosi saa ya kwanza kabisa, jua likipanda pale hakuna kivuli. Tiketi hiyo hiyo inawaingiza na Forum, yale magofu ya jirani, na kilima cha Palatino, msitoke mkaacha hivyo viwili. Bebeni pasipoti, majina yanaangaliwa mlangoni.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro kuingia ni bure. Foleni ni ya ukaguzi wa usalama, na ikifika saa nne asubuhi inazunguka uwanja. Linafunguliwa saa moja. Mkifika saa hiyo mnaingia mkitembea. Doreen, mabega na magoti yafunikwe. Asimwe na wewe, hakuna kaptura. Ukiingia tu geukia kulia, chapeli ya kwanza, utakuta sanamu ya Bikira Maria amempakata Yesu aliyeshushwa msalabani. Michelangelo aliichonga akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Iko nyuma ya kioo tangu mtu alipoivamia kwa nyundo mwaka 1972. Msipite haraka pale. Watu wengi wanakimbilia katikati kupiga picha, wanaiacha.

Kupanda kuba ni ngazi 551. Kuna lifti ila inakufikisha sehemu tu, 320 unabaki nazo mwenyewe.

Basi namba 64 la kutoka Termini kwenda Vatikano lina wezi wa mifukoni tangu enzi za mapadre walionitangulia. Simu mfuko wa mbele, mkono juu yake.

Padre Deo 23:55
Shangazi, rozari naweza kuzibariki mimi. Baraka ni ile ile.

JUMANNE

Shangazi Adventina 05:20
Padre tunakuheshimu sana. Lakini Papa ni Papa.

Shangazi Adventina 05:31
Nimelala nikifikiria. Kuna ndege ya Jumapili usiku, mtoto wa jirani yangu ameniangalizia kwenye simu. Kubadili ni kama yuro 60 kwa mtu mmoja. Sisi tuko wengi humu. Tuchange, watoto waone Papa, warudi usiku. Natuma namba yangu, kila mtu aweke alichojaliwa.

Baba mdogo Muga 08:12
Tuchange tena kwako? Kama vigae vya kaburi la mzee?

Koku Dodoma 08:13
Eh

Shangazi Adventina 08:15
Rudia.

Baba mdogo Muga 08:16
Nimeuliza tu. Tulichangia vigae vyeusi, tukakuta vya kijivu. Sijasema kitu kingine.

Shangazi Adventina 08:24
Risiti nilizisoma mbele ya ukoo wote, pale pale kwa mzee, na mwenye duka aliandika kwa mkono wake kwamba vyeusi vimekwisha. Wewe ulikuwa umekaa kwenye gari na muziki umefungulia. Nani alilala Bukoba mjini siku tatu akifuatilia lori? Nani alilipa vibarua vya watu walioondoka usiku? Miaka sita unanizungushia vigae. Miaka SITA Muga. Baba yetu amelala pale safi, hakuna nyasi, hakuna matope, na bado unahesabu rangi.

Mama Eliza 08:40
Wifi basi.

Ta Kaijage 08:41
👍

Asimwe 12:20
Jamani sisi hatujaomba mchango. Tafadhalini. Hii ni wikiendi tu.

Doreen wa Asimwe 12:35
Shangazi, tiketi za Colosseum nimeshanunua, Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi. Nilisubiri jibu nikaona zimebaki chache. Mwenzenu tangu kidato cha pili naliona jengo lile kwenye kitabu cha historia, nataka nisimame ndani yake. Na chemchemi ya Trevi tutakwenda usiku, nimesikia usiku inapendeza zaidi.

Koku Dodoma 12:38
Wifi tupa sarafu! Mkono wa kulia kupitia bega la kushoto, unageuka mgongo. Unarudi Roma lazima

Baba mdogo Muga 12:44
Tupa ya shilingi mia, Wataliano hawatajua

Padre Deo 15:02
Watajua, kwa sababu zinaokotwa. Sarafu za Trevi hukusanywa na kupewa Caritas ya Roma, zinalisha maskini. Tupa yuro Doreen, usimsikilize Baba mdogo. Na ngazi za Piazza di Spagna mpande mshuke, ila msikae, tangu 2019 kukaa pale ni faini. Maji msinunue, kuna mabomba ya chuma kila mtaa, yanatiririka mchana na usiku, ni safi na ya baridi. Kahawa mnywe mmesimama kaunta. Ukikaa mezani bei inapanda.

Baba mdogo Muga 15:05
Mhaya anywe kahawa kwa kusimama? Sisi tunaitafuna tumekaa

Shangazi Adventina 15:20
Sijapata jibu la Papa.

JUMATANO

Byera Rutabo 09:10
Shikamooni. Bibi amesikia. Mama Eliza alimpigia jana usiku. Ametuma ujumbe wa sauti, ila mtandao wa hapa unagoma kuupandisha, amesema niandike kama alivyosema, nisipunguze. Anaendelea hapa pembeni yangu.

Byera Rutabo 09:19
"Wanangu. Adventina, nyamaza kidogo. Muganyizi, na wewe nyamaza. Habari ya vigae niliimaliza mimi pale pale makaburini, nikawashika mikono nyote wawili. Anayeifukua ananifukulia mume wangu.

Asimwe amemtoa huyu binti kwao Tanga, akamfikisha kwenye baridi, wanapishana mlangoni, huyu anatoka zamu, huyu anaingia. Harusi ilikwisha Jumamosi, Jumatatu wakapanda ndege. Hawajapata hata siku ya kutembea pamoja kama mume na mke. Sasa wamepata siku mbili mnawapa orodha ya duka. Waacheni waende. Wale, watembee, wapotee njia, warudi.

Nina neno langu moja. Karidinali Rugambwa ndiye aliyenipa kipaimara hapa Rutabo, akiwa bado askofu wetu, kabla hawajamvika kofia nyekundu. Alinigusa paji la uso, mkono wake ulikuwa wa joto, mafuta yakashuka hadi kwenye nyusi, mama akanikataza kufuta. Nasikia walipomfanya Karidinali walimpa kanisa lake huko Roma. Kama lipo, wakaniwashie mshumaa mmoja. Wa kwangu na wa babu yao. Hicho tu."

Asimwe 12:02
Bibi tutakwenda. Hilo halina mjadala.

Doreen wa Asimwe 12:05
Bibi shikamoo. Nimesoma hapa chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa chini. Mshumaa nitauwasha kwa mkono wangu.

Baba mdogo Muga 13:30
Sawa mama. Dada Adventina, nisamehe kwa ya jana.

Shangazi Adventina 13:58
Nimesikia mama.

Padre Deo 22:15
Kanisa lipo Bibi. Linaitwa San Francesco a Ripa, liko Trastevere. Papa Yohane wa XXIII alipomfanya Rugambwa kuwa Kardinali mwaka 1960, siku moja na Kardinali wa kwanza wa Japani na wa kwanza wa Ufilipino, kanisa alilopewa ni hilo. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa akifikia pale akija Roma, na chumba chake kimehifadhiwa, pamoja na jiwe alilolalia kama mto. Kuna pia sanamu ya Mwenye Heri Ludovica Albertoni, kazi ya uzeeni ya mchongaji Bernini. Nimepita mlango ule mara nyingi, nikaingia kusali nikaondoka, sijawahi kumwashia Kardinali wetu mshumaa. Asimwe, Jumamosi mkitoka Colosseum pandeni tramu namba 8 Piazza Venezia, shukeni Trastevere. Nitawasubiri mlangoni saa kumi jioni.

Koku Dodoma 22:20
Jamani mimi pochi nimefuta. Waende tu.

Koku Dodoma 22:21
Ila wakiiona

Padre Deo 22:26
Koku, Jumapili asubuhi kuna gulio la Porta Portese, si mbali na hilo kanisa. Lakini pochi zinazotandikwa kwenye shuka barabarani zenye majina ya makampuni makubwa waziache, ni bandia, na mnunuzi naye hupigwa faini.

Asimwe 23:01
Jumapili asubuhi tuko kwa Mtakatifu Petro saa moja mlango ukifunguliwa. Saa nne na nusu tunatoka kwenda uwanja wa ndege. Gulio halipo.

ALHAMISI

Shangazi Adventina 05:47
Tumsifu Yesu Kristo. Mama amesema waachwe, nimewaacha. Lakini mama hakusema Papa asionekane. Wakitoka pale saa nne na nusu, saa sita Papa anatokea. Saa moja na nusu tu! Ndege ya usiku ipo. Hela ya kubadilisha natoa mwenyewe, simwombi mtu humu hata shilingi.

Mama Eliza 06:30
Wifi 🙏

Doreen wa Asimwe 12:44
Shangazi asante sana kwa moyo huo. Ile ya usiku inatua Köln karibu saa sita, na saa kumi alfajiri natakiwa niwe nimeamka. Nimemwomba mwenzangu tubadilishane zamu ya Jumatatu, atanijibu kesho. Akikubali tutaona. Asipokubali tunarudi mchana.

Shangazi Adventina 12:45
Atakubali. Naanza novena leo.

Padre Deo 14:10
Au waniachie rozari zote, mimi Jumapili saa sita nitakuwa uwanjani, nizinyanyue wakati Baba Mtakatifu anatoa baraka. Nitakuja nazo likizo, Julai.

Shangazi Adventina 14:12
Kongamano letu la WAWATA ni mwezi wa sita Padre.

Asimwe 14:30
Shangazi, rozari 40 tutazinunua huko huko au unazo tayari? Maana hakuna aliyesema.

Shangazi Adventina 14:33
Huko huko. Za mbao, zisiwe za plastiki. Hela nakutumia kesho, nipe kwanza namba ya kutumia, ile ya zamani ilinigomea.

Ta Kaijage 18:05
Tumsifu Yesu Kristo. Ndiyo nasoma sasa. Asimwe, uwanja wa ndege upi, Fiumicino au Ciampino? Maana vipo viwili.