Nimewapelekea chuo hela mkononi, hakuna wa kuzipokea. Viongozi wa vyuo vikuu, mnakalia bunifu za watu mpaka zinaozea stoo!

Wakuu, salaam. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa ajira za wahadhiri, hili ni jambo jingine kabisa. Povu ruksa, ila soma mpaka mwisho kwanza.

Mimi ni fundi. Nina karakana Vingunguti, tunatengeneza mashine za kukoboa, za kukamua alizeti, majiko ya mashuleni, ukileta mchoro unaoeleweka tunachomelea. Sabasaba nilipita kwenye banda la chuo kikuu kimoja cha umma (sikitaji, bado nina jalada kwao na sitaki lipotee), nikakuta kikaushio cha dagaa cha jua. Mnaojua Mwanza, Musoma na Bukoba mnaelewa ninachosema. Dagaa humwagwa juu ya mchanga, wimbi la mvua likipita mali imeoza, na hata ikikauka ina mchanga, mnunuzi anaipeleka kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kukutukana. Kile kikaushio kilikuwa na trei za wavu, mfuniko unaopitisha mwanga, feni ndogo ya sola na njia ya hewa iliyopangwa kwa akili kweli. Nilisimama pale mpaka vijana wa bandani wakaanza kunitazama vibaya.

Nina wateja. Kuna vikundi vya akina mama kanda ya ziwa ambao nimewauzia mashine nyingine na kila wakipiga simu wanauliza habari ya kukausha. Nikasema hapa ipo kazi. Nikaenda chuoni na pendekezo la kurasa mbili: nipeni leseni ya kutengeneza, nalipa ada ya kuanzia, halafu mrabaha, yaani asilimia ya bei, kwa kila mashine itakayouzwa, mnikague mtakavyo. Sijaomba mkopo wala ufadhili! Hela inaingia chuoni, haitoki!

Mkuu wa idara, mtu mwema, akaniambia hana mamlaka, niandike kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Nikaandika. Masijala wakagonga muhuri. Barua ikashuka kwa Naibu wa taaluma, ikaonekana si ya taaluma, ni ya utafiti na ushauri, ikahama. Kule ikaandikiwa dokezo kwenda kwa mwanasheria. Mwanasheria akajibu kwamba sera ya miliki ubunifu ya chuo inapitiwa upya, hivyo hawezi kushauri mpaka Baraza la Chuo likae. Baraza linakaa lini? Mkurugenzi ndiye anayejua. Mkurugenzi yuko wapi? Safarini, kongamano la ubunifu. Kaimu wake je? Hawezi kusaini jambo la kisera.

Kongamano la ubunifu, wakuu. Ubunifu wenyewe uko stoo, nyuma ya viti vibovu, nimeuona kwa macho yangu.

Baadaye nikaitwa kwenye kikao. Meza nzima ya wasomi, maji ya chupa, korosho. Swali la kwanza nililoulizwa: "Je, ukipata faida kubwa kuliko tunavyotarajia, chuo kitaonekanaje?" Nilidhani ni utani. Nikajibu kwamba nikipata faida kubwa na mrabaha wenu unakua, ndiyo maana ya asilimia. Wakatazamana. Mzee mmoja aliyekaa pembeni ndiye aliyenifungua macho tukiwa nje. Akasema: kijana, anayesaini leseni leo, kesho mkaguzi anaweza kumuuliza kwa nini aliuza mali ya umma kwa bei hii. Asiyesaini haulizwi kitu. Hakuna hoja ya ukaguzi inayoandikwa kwa sababu ubunifu umeozea stoo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tatizo si akili za watafiti wala si hela. Ni uongozi unaoogopa sahihi yake.

Na mbunifu mwenyewe? Nilimtafuta, mhadhiri, nikamkuta ametulia. Akaniambia bila haya wala kinyongo: "Kaka, ile kazi imeshanipa makala zangu, nimeshapanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi. Ukihangaika nayo utazeeka." Simlaumu. Mfumo wa kupandisha vyeo unahesabu makala kwenye majarida. Serikali nayo ikaja na tuzo ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha kwenye jarida kubwa la kimataifa. Sawa, sayansi ipewe heshima yake. Lakini nionesheni chuo ambacho mtu amepanda cheo kwa sababu mashine yake inatumika Ukerewe. Mtu anakimbilia kule anakopimwa, wewe utafanyaje?

Sasa sikieni uzembe wa pili, mbaya kuliko wa kwanza. Kile kikaushio kimeshapelekwa Sabasaba, Nanenane na kwenye maonesho mengine yote yenye fulana na vipeperushi. Nikauliza: hataza mmeomba? Kwa BRELA, wakala wetu wa usajili? Au ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi za Afrika kule Harare? Kimya. Hawakuomba. Kwa wasiojua: hataza ni haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitengeneze ubunifu wako bila ruhusa. Inatolewa kwa kitu kipya, na kwa wenzetu wa Ulaya ukishakianika hadharani kabla ya kuwasilisha maombi, upya wake umekufa. Marekani wanakupa mwaka mmoja wa kujitafuta. Yaani chuo kinapanga bajeti ya kumwonesha kila mpita njia namna mashine inavyofanya kazi, ila hakipangi siku moja ya kuilinda. Sipingi maonesho, hata MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, nimeona vijana wametoka nayo. Napinga kiongozi anayepeleka kitu bandani ili apige picha na mgeni rasmi, basi kazi imekwisha.

Nikaanza kusoma wenzetu walifanyaje. Stanford, Marekani. Novemba 1973, Stanley Cohen wa pale na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California kule San Francisco wanachapisha namna ya kukata na kuunganisha vinasaba. Hawana habari na hataza, kama wahadhiri wetu tu. Lakini chuo kilikuwa na mtu mmoja, Niels Reimers, aliyepewa ofisi ya kazi hiyo moja: kutafuta nini kimegunduliwa humu ndani na nani nje anaweza kukitumia. Mtu huyo alishafanya kazi kwenye makampuni kabla ya kuja chuoni. Mwaka 1974 akasoma habari ya ugunduzi ule gazetini. Gazetini! Akamfuata Cohen, ambaye hakutaka kabisa, akambembeleza, akawapanga chuo cha pili nao, na maombi yakaingia Novemba 1974, ikiwa imebaki kama wiki moja ule mwaka uishe. Ulaya walikuwa wameshachelewa, haki za huko zikapotea. Hata hivyo hataza ya kwanza ilitoka 1980, na hawakuikalia kama yai. Waliuza leseni kwa yeyote aliyetaka, kampuni ikianza na dola 10,000 na kiasi hicho kila mwaka, pamoja na mrabaha mdogo. Kampuni 468 zilichukua. Muda wa hataza uliisha 1997, na kwa jumla ziliingia takriban dola milioni 255.

Angalieni bei ya kuingilia. Dola elfu kumi. Hakuna aliyekaa kwenye korosho akauliza "je, wakipata faida kubwa".

Na mgawo wao unajulikana kabla mtu hajabuni chochote: ofisi inakata asilimia 15, kinachobaki kinagawanywa mara tatu, mbunifu, idara yake na kitivo chake. Mtafiti anajua chake, mkuu wa idara anajua chake, hakuna wa kunung'unika wala wa kuficha. Sisi mgawo uko kwenye rasimu ya sera, na sera iko kwenye mchakato.

Najua mtakuja na "hao ni Marekani". Haya, turudi nyumbani Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaambia Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari, hata liwe la ajabu na la polepole, mradi liwe la Kenya. Wakatengeneza. Nyayo Pioneer, magari matano, mwaka 1990 yakazinduliwa kwa shangwe, majaribio yalifika kilomita 120 kwa saa. Wahandisi walimaliza kazi yao. Halafu? Hela ya kuzalisha ikakosekana, shirika lililoundwa likageuzwa jina na kuwa karakana ya vipuri. Hakuna Mkenya aliyewahi kwenda dukani kununua Nyayo. Amri ilitoka juu, ngoma zikapigwa, na mpango wa siku ya pili haukuwepo.

Waganda wakapita njia nyingine. Makerere walitoa Kiira EV mwaka 2011, kigari cha watu wawili cha umeme. Kingeweza kuishia bandani. Lakini waliokiongoza wakakitoa chuoni, ikaundwa kampuni, serikali ikachukua asilimia 96 na Makerere wakabaki na 4. Mwaka 2016 wakaonesha basi la Kayoola lenye sola, na kiwanda wamekijenga Jinja. Kimechukua muda, hela ya walipa kodi imeingia nyingi, na kuna maswali halali ya kuuliza juu ya hilo. Ila chuo kilikubali kubaki na asilimia 4 ya kitu kinachotembea. Vyuo vyetu vinataka asilimia mia ya kitu kilichofunikwa turubai.

Na hapa kwetu mfano upo. Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela, Arusha, na kichujio chake cha maji, Nanofilter. Mwaka 2015 alikuwa mtu wa kwanza kushinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Lakini jambo lililonivutia ni kwamba alifungua kampuni yake, akaipa jina la kijiji chake, Gongali, na akaingia sokoni mwenyewe. Yaani ili ubunifu utoke, mwanasayansi alilazimika awe pia mfanyabiashara, mtu wa masoko na mlinzi wa nembo. Wangapi wanaweza? Wengi ni watu wa maabara, hawataki kuuza, na hawapaswi kulazimishwa. Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa uongozi wa chuo, au nimekosea?

Halafu tunaambiwa fedha hazipo. Mkopo wa Benki ya Dunia wa mradi wa HEET ni dola milioni 425, kwa ajili ya elimu ya juu kuleta mageuzi ya uchumi. Majengo yanapanda kila kampasi, nayaona, mazuri. Ninachouliza ni kiti kimoja, meza moja na mtu mmoja ndani ya hayo majengo mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana kwa mtu aliyekuja na hela. Hata hapana naipokea! Hapana ningeipata mwezi wa kwanza ningekuwa nimeshahamia kazi nyingine.

UPDATE: Naona comments zimekuwa nyingi, nijibu chache.

Anayesema "fundi, si uige tu, nani atakushtaki": mkuu, ningeweza. Picha ninazo kwenye simu tangu siku ya kwanza. Lakini nikiiga sitapata vile vipimo vya njia ya hewa ambavyo mhadhiri alivipata kwa kurudia rudia, na nikikosea dagaa wa mama wa watu wanavunda ndani ya mashine yangu. Nataka mbunifu aje karakana, anioneshe, alipwe. Na jueni kwamba wapo wasiokuwa na subira yangu, watakiiga, watakiiga vibaya, mbunifu hatapata hata mia, na chuo kitaitisha kikao kulaani.

Mhadhiri uliyeandika kwamba chuo hakina bajeti ya ada za hataza: nilijitolea kuilipa mimi, ikatwe kwenye mrabaha wa baadaye. Imeandikwa kwenye pendekezo langu, ukurasa wa pili. Nikaambiwa hakuna kifungu cha kupokelea malipo ya aina hiyo. Kifungu!

Anayesema kazi ya chuo ni kufundisha na si biashara: hoja nzito, na kuna mahali namuunga mkono. Sitaki Makamu Mkuu wa Chuo awe mchuuzi. Nataka akasimu mamlaka ya kusaini. Amteue mtu aliyewahi kuuza kitu maishani mwake, ampe kiwango, kwamba leseni za mpaka kiasi fulani unasaini mwenyewe, zaidi ya hapo ndiyo zije kwenye kikao, mgawo uwe umeandikwa, na kila mwaka aulizwe leseni ngapi zimetoka kama wakuu wa idara wanavyoulizwa makala ngapi. Baada ya hapo Makamu Mkuu arudi kwenye mahafali yake.

Na wewe uliyeandika "jina la chuo tafadhali": hapana. Ukisoma comments utaona watu wa vyuo tofauti kila mmoja anadhani nimesema cha kwao.

Msimu wa mvua unakuja kanda ya ziwa na wale akina mama wameshaanza kupiga simu. Mwenye kujua chuo au taasisi yoyote ya utafiti hapa nchini yenye kikaushio kinachofanya kazi na mtu mmoja anayeweza kusaini ndani ya miezi mitatu, aniandikie hapa au PM. Iwe Morogoro, Mbeya, Arusha, popote, nauli ninayo.