CRP ikiwa juu kwa mwenye sonona: isomwe vipi?

Swali
Wakuu, tuseme mgonjwa kamaliza dawa za nimonia wiki mbili zilizopita. Homa imekwisha, lakini hana hamu ya lolote, hapati usingizi, anajilaumu kutwa. CRP (protini ya damu inayopanda kukiwa na inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga ya mwili) ni 14 mg/L. Je, inflamesheni ndiyo inayoleta sonona? Ibuprofeni itamsaidia?

Jibu la 1
CRP si kipimo cha sonona. Ikizidi 10, tafuta kwanza maambukizi yaliyobaki: kifua, mkojo, na fizi, ambazo husahaulika mno. Rudia baada ya wiki mbili au tatu, akiwa hana mafua wala kidonda. Ikitulia kati ya 3 na 10, hapo ndipo kwenye inflamesheni ya chinichini, ingawa unene na sigara navyo huipandisha. Pima pia hemoglobini, TSH (kipimo cha tezi ya shingo), sukari na VVU. Kagua dawa anazotumia: prednisoloni (dawa ya steroidi), hasa ikizidi 40 mg kwa siku, huvuruga hisia.

Jibu la 2
Uhusiano wa inflamesheni na sonona upo kweli. Ushahidi mzito ulitokana na interferoni alfa, iliyotumika kutibu homa ya ini C. Hiyo yenyewe ni saitokaini (protini ya kinga inayochochea inflamesheni), na wengi waliodungwa walipata sonona ambayo hawakuwa nayo. Uchovu na kukosa hamu ya kula vilitangulia, ndani ya wiki za mwanzo. Huzuni ilifuata baadaye. Saitokaini huamsha kimeng'enya cha IDO, nacho huigeuza triptofani kuwa kainurenini, hivyo malighafi ya serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, hupungua. Sehemu ya kainurenini huishia kuwa asidi ya kwinolini, inayochokoza seli za neva.

Kwa huyu mgonjwa, kujilaumu kunanitia wasiwasi kuliko uchovu. Uchovu baada ya nimonia huweza kudumu wiki nyingi bila sonona. Ukitumia PHQ-9 (dodoso la maswali tisa la kupima sonona), maswali ya usingizi, uchovu na hamu ya kula yatapandisha alama bure. Tazama zaidi mawili ya kwanza (kukosa hamu ya mambo na huzuni), na la tisa (mawazo ya kujiua).

Jibu la 3
Ibuprofeni, hapana. Hata infliksimabu, dawa inayozuia saitokaini, katika jaribio lililochapishwa 2013 haikuishinda dawa bandia kwa jumla. Dalili ya nafuu ilionekana kwa wenye CRP iliyozidi 5 tu. Tena ibuprofeni pamoja na fluoksetini (dawa ya sonona) huongeza hatari ya kutoka damu tumboni.

Itibu sonona kama sonona: ushauri nasaha, na ikiwa kali, fluoksetini 20 mg asubuhi, ukijua nafuu huchukua wiki kadhaa. Swali la kujiua aulizwe leo, usingojee CRP ya pili.